Taya la Msemaji

Siwema alikuwa amelala kaburini, kofia ya marehemu kichwani, anakoroma.

Hakuwa amerukwa na akili. Alikuwa Mzaramo, na marehemu alikuwa Mnyamwezi, na tangu enzi za misafara ya mababu Mzaramo akimkuta Mnyamwezi amefiwa hana ruhusa ya kukaa kimya. Bahari ilikuwa imeimeza Pwani, jua lilikuwa limeifanya nchi ya juu isikanyagike mchana, na watu walikuwa wamejichimbia chini ya ardhi kama fuko. Utani haukubadilika. Waliokimbilia mji wa Itundu, humo ndani ya mashimo ya zamani ya dhahabu, waliubeba pamoja na chumvi na vyungu.

"Nani ananisumbua?" Siwema alinguruma kwa sauti ya puani, ile ile ya marehemu Mzee Maganga, na mabega ya waombolezaji yakaanza kutikisika. "Mnanizika na njaa? Nyamizi! Nyamizi we! Ugali umeiva? Mimi sifi bila kula, niliacha agizo."

"Toka humo, Mzaramo!" mtu alipiga kelele. "Mwachie mwenyewe kitanda chake!"

"Sitoki mpaka nipewe jogoo. Na awe jogoo wa kweli, siyo hivi vifaranga vyenu vya chini ambavyo mtu akila inabidi aulize kama ameshakula."

Kaburi lenyewe lilikuwa shimo lililochongwa ubavuni mwa mwamba, katika chumba ambacho watu wa Itundu walikiita Chumba cha Kuagia. Nyuma ya chumba yalikuwa machimbo ya zamani yenye hewa chafu, kwa hiyo waombolezaji wakishaingia mlango ulifungwa nyuma yao, na watu wakapumua hewa ya mitungi iliyopangwa ukutani mpaka maziko yaishe. Taa ndogo juu ya mitungi ilikuwa ya kijani. Maana yake hewa ipo tele, tanianeni mnavyotaka.

Mjane alikuwa mkekani pembeni ya jeneza. Hakuwa amelia. Tangu mumewe akate roho, Nyamizi alikuwa ametumia ulimi kwa kazi tu, na kazi yake haikuwa ndogo: yeye ndiye Msemaji wa Itundu, sauti pekee iliyofungua milango mikuu ya mji. Ukitaka kupita, Nyamizi akutaje jina. Asipokutaja utabaki ulipo, hata kama wewe ni mkuu wa mji na ndevu zako.

Mumewe alikuwa akimtaja wa mwisho. Si kwa kumdharau. Maganga alikuwa mtu wa kuchelewa. Mlangoni watu wote wakishajipanga yeye yuko nyuma huko anasalimiana, anatafuta kiatu, anamaliza hadithi. Ilikuwa desturi ya mji mzima kumsubiri na kumzomea.

Siwema aliinua kichwa, akaweka kofia upande, akamtazama mjane kwa jicho moja.

"Mlinizoea kuchelewa, siyo?" alisema kwa sauti ya Maganga. "Haya, semeni leo. Leo nani katangulia?"

Kicheko kilimtoka Nyamizi kabla hajakiruhusu. Kilianzia tumboni, kikampanda, kikamfungua mdomo mpaka magego yakaonekana, kicheko na kilio vikitoka kwa mlango mmoja. Watu walishangilia. Siwema, humo kaburini, alishukuru Mungu, maana alikuwa amemhofia mwanamke yule kuliko alivyomhofia mtu yeyote mwenye homa.

Halafu sauti ikakatika, mdomo ukabaki wazi.

Nyamizi alikaa vile vile, ameachama, macho yamemtoka. Na hapo ndipo wote walipokosea, kosa la watu wenye watani. Aliyetaniwa ana haki ya kujibu. Maganga alikuwa akilala ameachama, hakuna asiyejua. Basi watu wakadhani Msemaji anaigiza usingizi wa mumewe.

"Amemjibu!" walipiga makofi. "Mzaramo amejibiwa!"

Siwema naye, ambaye alikuwa tabibu wa mji, aliyekula viapo vya utabibu na kupewa mkoba, aliketi kaburini akamwachamia vile vile, akatoa na ulimi. Walicheka zaidi. Waliendelea hivyo, wawili wameachamiana, mpaka udenda ulipoanza kumtiririka Nyamizi kidevuni na mkono wake ukawa unapapasa mkeka kama mtu anayetafuta kitu gizani. Siwema aliona kishimo kimejichimba mbele ya sikio lake, na kidevu kimejitokeza mbele.

"Nyamazeni," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Taya limeteguka."

*

Taya lililoteguka si ugonjwa wa kutisha. Siwema alikuwa ameshayarudisha mengi, ya watu waliopiga miayo kupita kiasi na ya mmoja aliyeng'ang'ania mfupa. Unajifunga shashi vidole gumba usije ukang'atwa, unaviweka juu ya magego ya chini, unakandamiza kwenda chini, kisha unasukuma nyuma. Kiungo kinalia, mgonjwa anatukana, mnacheka.

Aliruka kutoka kaburini, akapiga magoti, akafungua mkoba, na tayari alikuwa ameshafunga shashi gumba la kwanza pale mkono wa mtu mwingine ulipomkamata kifundo cha mkono.

"Tabibu! Punje!"

Alikuwa Shija, mdogo wake marehemu, mtu mzima mwenye mvi za masikioni. Siwema aliutazama mkono wake mwenyewe, ambao ulikuwa umebakiza shubiri moja kufika kinywani mwa Nyamizi, akaurudisha polepole mapajani.

Bawabu wa Itundu hakuwa mtu. Alikuwa mtambo uliosambaa ndani ya kuta zote, na hakuwa na masikio ya kawaida. Zamani wanyang'anyi kutoka juu walimkamata Msemaji wa wakati ule, wakamminya mataya mpaka akataja majina yao, na mtambo, kwa kuwa ulisikia sauti sahihi, ukawafungulia ghala la hewa. Mtaa mzima ulilala usiamke. Baada ya hapo kila Msemaji alipandikizwa punje ndogo kama ya mtama, ndani ya mfupa, karibu na kiungo cha taya. Punje ilisikia sauti kupitia mfupa. Ilihisi pia mkono. Mkono wa mwenyewe iliujua, maana mtu hujishika shavu kila siku. Mkono wa mgeni ukilikandamiza taya, punje ilihesabu kwamba Msemaji analazimishwa, na Bawabu alifunga milango mpaka wakaguzi waje kutoka miji mingine. Ilionja na damu. Ukimpa Msemaji dawa yoyote ya kumlegeza, sauti yake haikukubaliwa mpaka damu isafike, yaani kesho.

Waliotunga sheria hiyo walikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa na makaburi. Hawakufikiria kwamba siku moja Msemaji atacheka.

Upande wa pili wa mlango mtu aligonga. Alikuwa Dotto, naibu wa Msemaji, aliyebaki nje kama manaibu wote wanavyobaki.

"Mbona kimya huko?" sauti yake ilipenya kwa mbali. "Mmemaliza?"

"Dotto!" Shija alipaza sauti. "Msemaji ameumia! Hawezi kusema! Huwezi kufungua wewe?"

Dotto aliacha kugonga.

"Mzee, unajua siwezi," Dotto alijibu.

Taa ya ukutani ikageuka njano.

*

Kwanza walijaribu kwa mikono ya Nyamizi mwenyewe. Siwema alimfunga shashi vidole gumba, akamwonyesha kwa kinywa chake mwenyewe wapi pa kuweka, wapi pa kukandamiza. Nyamizi alikandamiza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Lakini misuli ya taya ni mikaidi, na ikishashtuka hushikana kama ngumi. Mikono ya mwanamke aliyekesha msibani haikuwa na ubavu wa kuishinda. Alijaribu, akapumzika, akajaribu tena, na kila alipojaribu maumivu yaliikaza misuli zaidi. Mwishowe aliitoa mikono, akatikisa kichwa, machozi na udenda vikimlowesha kanga.

Watu hawakucheka tena. Waliketi wameegemea ukuta, wanawake wameshikana mikono. Limi, binti yake Shija, alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na mtoto alikuwa ameanza kulia kilio kile cha kuchoka kisicho na nguvu. Chumba kilikuwa na joto la pumzi za watu wengi. Siwema alikiangalia chumba kile ambacho alikuwa ameingia mara nyingi akiwa na hamu ya kufanya vituko, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi dari yake ilivyo chini.

Mimi ndiye niliyemchekesha, aliwaza.

Shija alimvuta pembeni, karibu na jeneza.

"Nisikilize, usinikatize," alisema kwa sauti ya chini. "Sauti hairithiwi mpaka mwenyewe akate roho. Punje ikipoa, Bawabu anamtambua Dotto. Dotto yuko mlangoni."

"Unajua unachosema, Shija?"

"Najua. Tangu nikiwa kijana nimekula chungu kimoja na mwanamke yule. Mke wangu alipofariki ni yeye aliyenilelea Limi." Alimwelekezea Siwema kichwa upande wa ukutani. "Na yule aliye mgongoni mwa Limi ni mjukuu wangu. Nipe njia nyingine, Tabibu, nitaipokea kwa mikono miwili. Huna. Lakini unayo dawa ya usingizi humo mkobani. Ukimpa yote, hatahisi kitu."

"Wengine wanasemaje?"

Siwema aligeuka kutafuta jibu mwenyewe. Walikuwa wanamtazama. Si wote kwa ukali; wengine kwa kuomba, wengine kwa aibu, wakiinamisha nyuso mara tu macho yalipokutana. Chumba cha mwamba hakina siri, neno likisemwa pembe moja linatembea mpaka pembe nyingine.

Nyamizi alikuwa amesikia pia, na macho yote yakamgeukia yeye.

Aliwaita kwa mkono. Siwema alipofika, alimwonyesha mkoba. Kisha akakunja mkono wa gauni, akajigonga juu ya mshipa kwa vidole viwili. Akamwonyesha Siwema mtoto wa Limi kwa kidole. Akatikisa kichwa kukubali, polepole, mara nyingi, ili pasiwe na mtu wa kusema hakuelewa.

"Ameridhia mwenyewe," mtu alinong'ona. "Mungu ambariki. Ameridhia."

Siwema alifungua mkoba kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Kichupa cha dawa kilikuwa kimoja tu, alichokibeba kwa ajili ya wale wanaozimia misibani na kujigonga vichwa. Alikivunja shingo. Alivuta dawa yote ndani ya bomba la sindano.

Hiari. Neno lile lilimzunguka kichwani. Mgonjwa mwenye akili timamu ameomba. Jamaa wameafiki. Kama angekuwa anasimuliwa kisa hiki mezani, kwa chai, angesema mpe anachotaka, ni mwili wake, na mtoto ataishi. Lakini hakuwa mezani. Alikuwa ameyaona macho ya watu wote yakimwelekea mwanamke mmoja aliye mkekani kabla mwanamke huyo hajakunja mkono wa gauni, na alijiuliza ni nani duniani angeweza kukaa katikati ya macho yale akatae. Wanyang'anyi walitumia mikono. Bawabu alifundishwa mikono. Punje ya kuhisi macho haikuwa imetengenezwa.

Na pengine najidanganya, aliwaza tena, maana alikuwa mkweli hata alipoogopa. Pengine sitaki tu kumzika mtu niliyemchekesha. Pengine mtoto yule atakufa ili mimi nilale vizuri.

Dawa ile ilihifadhiwa kwenye baridi, na ikiwa baridi huwa nzito. Siwema aliliweka bomba katikati ya viganja, akaanza kulifingirisha ili ipate joto, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama alivyofanya kila siku ya kazi yake bila kufikiri.

Kisha mikono yake ikasimama.

Palikuwa na mwalimu mmoja wa utabibu, mzee mwenye midomo mipana, aliyependa kuwasimulia wanafunzi mambo ya hospitali za juu za zamani. Aliwaambia kwamba wakati mwingine mwenye taya lililoteguka hakuguswa kabisa. Alipewa bomba tupu la sindano, akaliuma kwa magego, akalifingirisha mwenyewe kwa taya lake, mbele na nyuma, mpaka kiungo kikateleza kikarudi nyumbani. Darasa zima lilicheka. Siwema alicheka kuliko wote. Hakuwahi kuona mtu akifanya hivyo.

Bomba tupu. La mkononi mwake lilikuwa limejaa, na mkobani hakukuwa na lingine.

*

"Unangoja nini?" Shija aliuliza.

Siwema alimweleza kwa maneno machache. Shija alisikiliza huku akiipangusa shingo.

"Umewahi kufanya?"

"Sijawahi."

"Basi mimina dawa kikombeni," Shija alisema. "Jaribu hilo lako. Likishindikana, unaivuta tena."

Lilikuwa neno la busara. Mtu mmoja alikwishainua kikombe cha bati kilicholetwa kwa ajili ya maji ya maziko, akakisogeza mbele. Siwema alikitazama kikombe, akamtazama Nyamizi, na Nyamizi naye alikuwa anakitazama kikombe. Misuli ya mashavu yake ilikuwa imesimama kama kamba za kitanda.

Hapo Siwema alielewa jambo ambalo mwalimu wake hakulitaja, kwa kuwa hospitali za juu hazikuwa na haja nalo. Misuli ile ilipaswa kulegea yenyewe, bila dawa. Na hakuna mtu anayelegea huku kifo chake kimewekwa kikombeni mbele yake, kinasubiri ashindwe.

Aling'oa sindano kwenye bomba. Akaielekeza ncha chini, akasukuma. Dawa iliruka, ikachora mstari juu ya mwamba, ikaanza kunywewa na vumbi.

Mayowe yaliyofuata yalikuwa ya wengi. Shija hakupiga kelele. Alipiga magoti mbele ya ule unyevu, akauweka mkono juu yake kama mtu anayeweza kuurudisha.

"Umetuua," alisema. "Hukutuuliza."

"Sikuwauliza," Siwema alikubali. "Ukinichukia, Shija, nichukie baadaye. Sasa hivi nyamazisheni watu wako, mgonjwa wangu anahitaji utulivu."

Alichota maji ya maziko kwa kikombe kile kile, akalisuuza bomba tena na tena, lisije likabaki tone la kuonjwa na punje. Alilifuta, akampa Nyamizi mkononi. Kisha akaketi mbele yake, goti kwa goti, akatoa kipande cha mti cha kufungia mifupa, chembamba, akakiweka kati ya magego yake mwenyewe upande wa kulia.

"Hapa," alisema huku amekiuma. "Nyuma kabisa. Usilibane, liume kama unavyouma mua ambao hutaki utoe maji. Halafu sogeza kidevu mbele, rudisha nyuma. Lifingirishe. Usilazimishe kitu."

Nyamizi aliliweka. Bomba liliteleza likaanguka mkekani. Aliliokota, akaliweka tena. Lilifingirika kidogo, likakwama.

Taa ya ukutani ikawa nyekundu.

"Usiitazame hiyo," Siwema alisema. "Nitazame mimi, Mnyamwezi wewe. Unadhani nimekuja msibani kwenu kukutibu bure? Jogoo wangu hajalipwa. Ukifa nitamdai nani, huyu Shija? Shija atanipa jogoo wa kukopa."

Kitu kilipita machoni mwa Nyamizi.

"Na usicheke! Ukicheka tena nakuacha hivyo hivyo. Nakusimamisha jikoni kwangu uwe mtego wa nzi."

Bomba lilienda mbele, likarudi. Lilienda mbele, likarudi. Siwema naye alifingirisha kipande chake cha mti, wawili wameachamiana tena kama mwanzo, ila safari hii hapakuwa na mtu wa kupiga makofi. Aliongea bila kukoma, kwa sauti ya bibi anayembembeleza mtoto, upuuzi mtupu: jinsi Maganga alivyowahi kuvaa gauni la mkewe gizani akaenda nalo kazini, jinsi Wanyamwezi walivyofika Pwani wakaionja bahari wakauliza nani amezidisha chumvi. Mashavu ya Nyamizi yalianza kushuka. Nyuma yao mtoto wa Limi aliacha kulia, na kimya chake kilikuwa kibaya kuliko kilio. Limi alimtoa mgongoni, akawa anampulizia usoni.

"Hamisha upande wa pili," Siwema alisema. Kichwa kilianza kumuuma, maneno yalikuwa yanamponyoka. "Kushoto. Taratibu. Mbele... nyuma..."

Ikasikika *ko!* kama kifuniko cha sanduku kinapokaa mahali pake.

Nyamizi alishtuka. Bomba lilimtoka. Upande wa kulia ukafuata wa kushoto, na meno ya juu yakakutana na ya chini. Alibaki ameyafumba, akipumua kwa pua, akijipapasa uso kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta milango yote ipo.

*

"Usifungue mdomo sana," Siwema alimwonya. "Kiungo bado kibichi, ukiachama kitatoka tena. Jifunge."

Nyamizi aliikunja kanga, akaipitisha chini ya kidevu, akaifunga utosini kwa mikono yake mwenyewe. Jenezani, kando yake, Maganga alikuwa amefungwa taya vile vile, kwa kitambaa cheupe. Wote waliliona hilo na hakuna aliyelitaja, isipokuwa Siwema, ambaye alikuwa mtani.

"Mwenzako kafungwa ili anyamaze," alimwambia. "Wewe umefungwa ili useme. Sema."

Kila jina lilikuwa maumivu, ilionekana kwenye paji la uso wake. Nyamizi aliugeukia mlango.

"Kwa hiari yangu," alisema, na sauti yake, iliyobanwa na kanga, ilimfanya Dotto huko nje apige ukelele wa furaha. "Limi. Na mwanawe."

Bawabu alihesabu kila aliyetajwa kwa mlio mdogo ukutani, kisha akamsubiri afike kizingitini. Mlango haukufunguka mpaka Msemaji amalize, na waliotajwa wote wawe wamejipanga. Limi alisogea na mtoto, ambaye macho yake yalikuwa nusu wazi. Nyamizi aliendelea, jina moja, pumziko, jina jingine. Watu walijikokota mmoja mmoja mpaka kizingitini, na kila aliyepita mbele yake aliinamisha kichwa. Alimtaja Siwema. Siwema naye alisogea.

Hatimaye alibaki Shija peke yake karibu na kaburi, mikono imening'inia.

Nyamizi alimtazama. Sasa hapakuwa na mtu ndani ya chumba kile, wala mtambo, wa kumlazimisha kutamka jina asilolitaka. Akifumba mdomo, mlango ungefunguka kwa wengine wote na kujifunga nyuma yao. Siwema alitamani kusema neno, akajizuia. Alikuwa ameshaamua kwa niaba ya watu wengi mno kwa siku moja. Alijilazimisha hata kutazama pembeni, akawaashiria wenzake nao wageuze nyuso, na safu nzima ya watu ilitazama ukuta, wakihangaika kutafuta pumzi.

"Shemeji," Shija alisema, "sina la kusema."

"Najua," Nyamizi alijibu. "Hata mimi niliitikia. Nilidhani nimeamua mwenyewe."

Kisha akasema, "Shija," na mlio ukasikika ukutani, na Shija akaja akilia wazi wazi kama mtoto, akasimama nyuma ya binti yake.

Majina yalikuwa yamekwisha. Watu wote walikuwa kizingitini, Bawabu anangoja Msemaji afumbe mdomo kuonyesha amemaliza. Lakini Siwema aliona midomo ya Nyamizi ikifunguka tena, yenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ya ndoa; alimwona akigeuka nyuma, kule ambako siku zote palikuwa na mtu anayetafuta kiatu. Angelitamka jina lile, mtambo ungemsubiri aje. Ungemsubiri Maganga mpaka pumzi ya mwisho ya yule mtoto.

Nyamizi aliinua mkono wake, akauweka chini ya kidevu chake mwenyewe, akalifumba taya lake.

Walisikia vitasa vikiachia kimoja baada ya kingine, na hewa safi ikawapiga usoni.